Vidato vya Shapiro vimezidi kwa asilimia 4: kosa ni la kiungo au ni langu?

Mkorogwe

Habarini wanajukwaa. Naomba msaada kabla sijaonana na msimamizi wangu Jumatatu asubuhi.

Nasoma shahada ya uzamili Ujerumani, na tasnifu yangu inahusu kiungo cha Josephson kinapopigwa na mawimbi ya maikrowevu. Kwa ambaye hajakutana nacho: chukua vipande viwili vya kipitishi kikuu, yaani superkondakta, kitu ambacho ukikipoza vya kutosha ukinzani wake wa umeme unakwisha kabisa. Vitenganishe kwa kizuizi chembamba sana. Mkondo unavuka kizuizi hicho bila kudai volteji yoyote, hadi ufike kikomo fulani. Ukiuzidisha hapo ndipo volteji inajitokeza.

Changu ni cha YBCO, kauri yenye yitri, bari, shaba na oksijeni, na kizuizi ni mpaka wa fuwele mbili zilizokua zikielekea pande tofauti. Nakizamisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, kelvini 77. Kikomo chake cha mkondo ni mikroampea 60 hivi, na ukinzani wake kikishavuka kikomo ni kama omu 1. Maikrowevu natoa kwenye jenereta ya ishara, napitisha kwenye kebo hadi kipande cha waya kilichosimama milimita chache juu ya chipu. Hakigusi kitu, kinarusha tu.

Wiki mbili za kwanza sikuona chochote. Naongeza nguvu ya maikrowevu, kikomo cha mkondo kinashuka, mchoro unalainika kama kilima kilicholiwa na mvua, basi. Kuna mahali kikomo kilipotea kabisa nikadhani nimekiunguza kiungo, kumbe nikiongeza nguvu kinarudi. Jana nikajaribu kinyume, nikashusha nguvu kidogo kidogo, na vidato vya Shapiro vikajitokeza kwenye mchoro wa mkondo na volteji, yaani ngazi ambapo mkondo unaongezeka lakini volteji inabaki palepale. Ilikuwa saa tano na nusu usiku, jengo zima niko peke yangu. Nilisimama mbele ya skrini nikashindwa hata kukaa.

Shida ni namba. Kwa gigahezi 10 kila kidato kinatakiwa kiwe na kimo cha mikrovolti 20.68 kutoka kilichotangulia. Mimi nimepata hivi, kwa mikrovolti, mkondo ukielekea upande mmoja (+) na kinyume chake (−):

Kidato cha kwanza: +22.2 na −20.8
Kidato cha pili: +43.7 na −42.3

Nikahamia gigahezi 12, ambako inatakiwa 24.81. Nikapata +26.5 na −25.1.

Upande wa juu haulingani na wa chini, na zote zimezidi. Ile −20.8 iko karibu sana na namba ya kitabu, na ndiyo inayonichanganya zaidi. Je, inawezekana YBCO, kwa kuwa si metali ya kawaida, ina tabia yake? Au ni hili joto la kelvini 77, maana majaribio mengi ninayosoma yalifanyika kwenye heliamu, kelvini 4.2?

---

FundiRedio

Ndugu Mkorogwe, mimi ni fundi wa minara ya simu hapa Dodoma, maikrowevu ndiyo kazi yangu ya kila siku, ingawa hivyo viungo vyako sijawahi kuviona.

Ningekuwa mimi ningeanza na nguvu. Kwenye redio ukiongeza nguvu kila kitu kinapanda. Shusha nguvu zaidi uone kama vidato navyo vitashuka hadi 20.68.

Pili, mbona unashangaa kwamba dutu inaleta tofauti? Dayodi ya silikoni inadai volti 0.7 hivi kabla haijapitisha, ya jerimani 0.3. Kila dutu ina volteji yake. Kwa nini kiungo hiki kisiwe hivyo?

---

BiVolti

Mkorogwe mwanangu, kwanza hongera. Wiki mbili za mchoro laini halafu vidato usiku wa manane, nakujua ulivyojisikia. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Ulaya kwenye maabara ya upimaji wa volteji kwa miaka 19 sasa, na 14 kati ya hiyo nimeshinda na viungo hivi hivi, ila vyangu ni vya niobi na vinakaa kwenye heliamu.

Nianze na FundiRedio, maana hoja yake ya dayodi ni ya maana na wanafizikia wenyewe waliihangaikia. Mwaka 1968 John Clarke alilinganisha viungo vya risasi, stani na indi, akivipiga na mawimbi yale yale, atafute kama volteji zitatofautiana. Hazikutofautiana hata kwa sehemu moja kati ya milioni 100. Mwaka 1983 Tsai, Jain na Lukens wakalinganisha indi na niobi kwa ukali usiosemeka: hakuna tofauti hadi sehemu mbili kati ya 10 000 000 000 000 000. Hesabu sifuri mwenyewe, ni kumi na sita. Sijui kitu kingine kwenye umeme kilichopimwa kwa ukali wa namna hiyo kikakubali. Dayodi inadai volteji kulingana na dutu yake. Kidato cha Shapiro hakiulizi wewe ni metali gani, joto lako ni lipi, wala kizuizi chako ni kinene kiasi gani. Kinauliza masafa tu.

Kwa nini? Brian Josephson alikuwa mwanafunzi wa miaka 22 kule Cambridge alipoandika, mwaka 1962, kwamba ukiweka volteji isiyobadilika kwenye kiungo, mkondo ulio ndani yake utatetema, na masafa ya mtetemo huo yataamuliwa na volteji peke yake. Mikrovolti moja inatoa megahezi 483.6. Namba hiyo ni mara mbili ya chaji ya elektroni gawanya kwa namba ya Planck, na ile mara mbili inatoka kwenye jozi za Cooper, kwa sababu elektroni zinavuka zikiwa mbili mbili. FundiRedio ataona kwamba megahezi 483 iko kwenye bendi ya UHF ya televisheni. Volteji ndogo kuliko unayoipata ukigusanisha waya mbili za metali tofauti zenye joto tofauti inatetemesha kiungo kwa masafa ya televisheni!

Sasa leta maikrowevu kutoka nje. Mmewahi kuwaangalia wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja? Mchi wa huyu ukipanda, wa mwenzake unashuka. Wakishaingia kwenye mwendo, huyu akichoka kidogo au akipata nguvu kidogo, pigo halibadiliki. Atakaza mkono au ataulegeza, lakini mchi wake utafika kwa zamu yake ile ile. Maikrowevu ni mtwangaji wa kwanza, na huyo hachoki kamwe. Mtwangaji wa pili ni ile fezi ya kiungo, tofauti ya fezi (hatua ambayo wimbi la elektroni limefikia katika mzunguko wake) kati ya upande mmoja wa kipitishi na wa pili. Mkondo unaosukuma wewe ndio nguvu ya mkono wake. Fezi ikizunguka mzunguko mmoja kamili kwa kila wimbi linalofika, uko kwenye kidato cha kwanza. Ikizunguka miwili, cha pili. Unaongeza mkondo, fezi inang'ang'ania zamu yake, na kwa kuwa volteji ndiyo kasi ya fezi, volteji nayo inabaki palepale. Ndiyo maana kidato kimelala. Ukizidisha mno, mwendo unavunjika na fezi inarukia mwendo unaofuata.

Kwa hiyo nguvu ya maikrowevu inaamua *upana* wa kidato, yaani ni mikroampea ngapi unaweza kuongeza kabla mwendo haujavunjika. *Kimo* haikigusi. Mkorogwe, fanya jaribio la FundiRedio, ni jaribio zuri, na uje utuambie hapa.

Sasa namba zako. Usizisome upande mmoja mmoja. Chukua ya juu na ya chini, zijumlishe bila kujali alama, gawanya kwa 2:

Gigahezi 10, cha kwanza: 21.5
Cha pili: 43.0
Gigahezi 12: 25.8

Na katikati ya kila jozi haiko kwenye sifuri. Iko kwenye +0.7, mara zote tatu. Hiyo 0.7 haina uhusiano na kiungo. Waya zako zinatoka kelvini 77 zinapanda hadi joto la chumba, zinapita kwenye solda, kwenye plagi, labda kwenye swichi, na kila metali mbili zinapokutana kwenye mteremko wa joto zinazaa mikrovolti zao. Amplifaya nayo ina kiasi chake. Ile −20.8 iliyokuchanganya imekaribia kitabu kwa bahati tu: kosa moja limeongeza, jingine limepunguza.

Ukishaondoa hiyo, gawanya: 21.5 kwa 20.68, 43.0 kwa 41.36, 25.8 kwa 24.81. Zote tatu ni 1.04.

Hapo ndipo nilipotabasamu. Kama YBCO ingekuwa na tabia yake, au joto lingeongeza kitu, ungeona vurugu ya aina fulani. Wewe una kizidisho kimoja, kinachofanana kwenye masafa mawili na vidato viwili. Kitu kinachozidisha kila kitu kwa 1.04 kinakaa baada ya kiungo, kati ya chipu na skrini. Umekuwa ukifikiri kwamba unakipima kiungo kwa amplifaya, na usiku ule kiungo kilikuwa kinaipima amplifaya yako. Fungua kisanduku chake, tafuta kipingamizi kinachoweka ukuzaji, kipime.

---

Mkorogwe

Shikamoo Mama BiVolti. Nimerudi maabara baada ya kusoma, sikuweza kulala.

Amplifaya ilijengwa na mwanafunzi aliyenitangulia. Ukuzaji unawekwa na kipingamizi kimoja cha omu 100, na kina mstari wa dhahabu, yaani kinaruhusiwa kukosea kwa asilimia 5. Kila mtu humu aliandika kwenye hesabu zake kwamba ni 100. Nimekitoa nikakipima kwa waya nne: omu 96.2. Kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo ukuzaji unavyokuwa mkubwa, na 100 gawanya kwa 96.2 ni 1.04.

Nimekaa pale nikashika kichwa. Kipingamizi cha senti chache, na mimi nilikuwa tayari kumwambia msimamizi wangu kwamba nimegundua chaji mpya ya elektroni.

FundiRedio, jaribio lako nimelifanya kwa nguvu tatu, gigahezi 10. Upana wa kidato cha kwanza ulikuwa mikroampea 18, halafu 31, halafu ukapungua hadi 12 nilipoongeza zaidi. Kimo (kabla sijarekebisha ukuzaji) kilikuwa 21.5 mara zote tatu.

Mama, nina swali. Kwa nini upana ulipanda kisha ukashuka? Na kwa nini wiki mbili zile sikuona kitu?

---

BiVolti

Marahaba mwanangu. Pole, na usikasirike na aliyejenga amplifaya. Mstari wa dhahabu alikuachia wazi.

Upana wa vidato unapanda na kushuka kwa kufuata vitendakazi vya Bessel. Ni mawimbi yanayofifia polepole: kidato cha kwanza kinapanuka, kinafikia kilele, kinajikunja hadi sifuri, kinarudi kikiwa kidogo zaidi. Kile kikomo cha mkondo chenyewe ni kidato namba sifuri, na chenyewe kinafuata mtindo huo huo. Ndiyo maana kilipotea ukadhani umekiunguza, kisha kikarudi. Uliona kitendakazi cha Bessel kwa macho yako kabla hujajua unachokiona. Tahadhari moja: mchoro safi wa Bessel unapatikana kiungo kinapoendeshwa kwa volteji. Chako kinaendeshwa kwa mkondo, kwa hiyo umbo litafanana lakini usitegemee lilingane nukta kwa nukta.

Wiki mbili zile nguvu ilikuwa kubwa mno. Ukisukuma nguvu nyingi, mkondo wa kiungo unagawanywa kwa vidato vingi, kila kimoja chembamba, na hapo kelele inavifuta. Kwa kelvini 77 kelele ya joto peke yake ni kama mikroampea 3.2 ukiigeuza kuwa mkondo wa kiungo. Kidato chenye upana wa mikroampea 5 hakiwezi kubaki kimelala hapo, kinakuwa kilima. Kwa kelvini 4.2 kelele hiyo ni 0.18 tu, ndiyo maana mimi na heliamu hatuachani. Chora mteremko wa mchoro wako, yaani mabadiliko ya volteji kwa kila mkondo, badala ya mchoro wenyewe. Vidato vinatokea kama mabonde, hata vile ambavyo jicho halivioni, na katikati ya bonde ndipo pa kusomea volteji.

Jambo hili lilianza hivyo hivyo, kwa mtu aliyetazama mchoro kwa subira. Mwaka 1963 Sidney Shapiro alikuwa kwenye kampuni ya Arthur D. Little, Cambridge ya Massachusetts, ana viungo vya alumini na stani. Josephson alikuwa amesema kuna mkondo unaotetema, lakini mtetemo wenyewe ni mdogo na wa kasi mno kuukamata moja kwa moja. Shapiro akageuza swali: badala ya kusubiri kiungo kitoe mawimbi, akakipelekea. Akatumia gigahezi 9.3 na karibu 25, na vidato vikaja kwa umbali ule ule uliotabiriwa. Mimi nimeanza kazi hii vitu vyote viko tayari kwenye masanduku yenye lebo, na bado namheshimu mtu huyo kila ninapowasha chanzo cha mawimbi.

---

Ticha_Njombe

Habari zenu. Nafundisha fizikia sekondari, vidato vya tano na sita, na nimeufuata uzi huu tangu juzi. Nimeshaueleza mfano wa kinu darasani, wanafunzi wamenielewa kuliko nilivyotegemea.

Nina mawili. La kwanza, mwanafunzi mmoja ameniuliza: hivi vidato vya mikrovolti 20 vinamsaidia nani, wakati mita ya nyumbani inasoma volti 230? La pili, tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2025 ilitajwa kuwa ya viungo hivi hivi. Ni ugunduzi ule ule au ni mwingine?

---

BiVolti

Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba swali lake lilichukua zaidi ya miaka ishirini kujibiwa, na jibu lake ndilo linaloniweka mjini.

Volti ilikuwa inatunzwa kwenye chupa. Sili za Weston, za zebaki na kadimi, zenye volti 1.018 hivi. Ukizitikisa zinabadilika, zikipata joto zinabadilika, na zikizeeka zinabadilika polepole bila kukuambia. Kila nchi ilikuwa na chupa zake na volti yake, na za jirani zilitofautiana kidogo. Kisha kikaja kitu kinachosema: nipe masafa, nitakupa volteji, leo na kesho, hapa na Japani. Na masafa ndiyo kitu tunachojua kukipima kuliko vyote, kwa sababu sekunde yenyewe imefafanuliwa kwa mitetemo 9 192 631 770 ya atomu ya sezi. FundiRedio, vifaa vyenu vya minara vinavyofuata saa za setilaiti vina masafa mazuri kupita volteji ya maabara nyingi duniani.

Lakini ni kweli, mikrovolti 20 haifiki popote. Dawa yake ni kupanga viungo vingi mfululizo, kama betri za tochi. Ugumu ulikuwa huu: viungo havifanani kabisa, na kila kimoja kilidai mkondo wake. Mwaka 1977 Levinsen na wenzake wakaonyesha kwamba kiungo chenye kapasitansi kubwa, yaani uwezo mkubwa wa kuhifadhi chaji, kinaweza kutoa vidato vinavyovuka mstari wa mkondo sifuri. Yaani viungo vyote vinakaa kwenye vidato vyao bila kusukumwa mkondo wowote, hivyo hata visipofanana havigombani. Miaka kumi baadaye, 1987, maabara ya taifa ya vipimo ya Marekani kule Boulder ikatoa chipu ya volti 10 yenye viungo 14 484. Kwa gigahezi 75 kidato kimoja ni mikrovolti 155, na kila kiungo kinashika kidato cha nne au cha tano.

Chipu za aina hiyo ndizo nilizoanza nazo, na zilinifundisha adabu. Kwa kuwa vidato vyote vinapita kwenye mkondo sifuri, mshtuko mdogo unatosha kumrusha mmoja kutoka kidato chake hadi kingine, na wewe unaona volti 10 zako zimeruka kwa mikrovolti 155 bila sababu. Kuna wiki nzima tulikuwa tunarukishwa kila baada ya dakika chache. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha chanzo cha mawimbi, tukakaa usiku ambapo kungekuwa kimya, na usiku ukawa kimya kweli. Mchana ikarudi. Mwisho mwenzangu akasimama mlangoni akawa ananiambia "sasa" kila lifti ya jengo ilipoanza kupanda, na kila "sasa" volteji ikaruka. Waya wa ethi wa rafu yetu ulikuwa umepita njia moja na wa lifti. Tulivuta waya mpya siku hiyo hiyo.

Jingine ni sumaku. Bisibisi yenye usumaku ikipita karibu na chipu wakati inapoa, uga wa sumaku unanaswa ndani ya niobi na baadhi ya vidato vinasinyaa. Hakuna namna ya kuubembeleza utoke. Unainua chipu hadi kwenye shingo ya chupa ya heliamu, unasubiri ipite kelvini 9.2 ambapo niobi inaacha kuwa kipitishi kikuu, uga unatoka, unaishusha tena polepole. Dakika chache tu, lakini ukifanya mara sita kwa siku unajifunza kuacha bisibisi mlangoni.

Siku hizi kuna chipu za aina nyingine ambazo mkondo wake unadhibitiwa kwa makundi, hazirukirukii ovyo. Kule Marekani wamefika viungo zaidi ya robo milioni kwenye chipu moja ya volti 10, kwa gigahezi 18 hadi 20. Unaweza kuviamrisha vikupe volteji yoyote unayotaka.

Kutoka hapo hadi mita ya nyumbani ni mnyororo. Chipu inapima kifaa cha Zener cha volti 10 kinachobebeka, yaani chenye dayodi inayoshikilia volteji moja, Zener inasafirishwa hadi maabara nyingine, inarekebisha chanzo cha volteji, chanzo hicho kinarekebisha mita za mafundi na viwanda, na mita hizo zinakagua nyingine. Kila pete ya mnyororo inaongeza shaka kidogo, kwa hiyo ya mwanzo inatakiwa iwe imara kupita zote. Tarehe 20 Mei 2019, chaji ya elektroni na namba ya Planck zilipopewa thamani zisizobadilika, namba tunayotumia ilitoka gigahezi 483 597.9 kwa volti, iliyokuwepo tangu 1990, ikawa 483 597.8484. Zener zote za volti 10 zilipanda kwa mikrovolti moja hivi kwenye vyeti vyao, na sisi tulikuwa tumeandika barua kwa wateja miezi kabla, tukiwaeleza kwamba kifaa chao hakijaharibika.

Kuhusu Nobel ya 2025: ni Clarke yule yule wa risasi na stani niliyemtaja juu, pamoja na Michel Devoret na John Martinis, kwa kazi waliyofanya Berkeley mwaka 1984 na 1985. Na wao walipiga kiungo kwa maikrowevu, lakini kiungo kilichotulia kwenye volteji sifuri, kikiwa kimepozwa karibu kabisa na sifuri halisi. Wakaona kinaponyoka kutoka hali ile kwa masafa fulani tu, siyo mengine, jinsi atomu inavyochagua rangi za mwanga inazozimeza. Kwenye vidato vya Shapiro unaweza kuifikiria fezi kama gololi inayobiringika, na hesabu zikatoka sawa. Kule Berkeley gololi yenyewe ilionekana kuwa na ngazi za nishati. Kwa hiyo ni kiungo kile kile na maikrowevu zile zile, ila swali lilikuwa jingine, na kompyuta za kwantumu za superkondakta zimetoka kwenye swali hilo la pili.

---

FundiRedio

Nimekubali kuhusu dayodi, Bi mkubwa. Hilo la waya wa ethi na lifti nalijua kwa ngozi yangu; mnara wetu mmoja ulikuwa unasumbuliwa na mashine ya kusaga ya jirani.

Mkorogwe, hiyo 0.7 iliyobaki umeifanyia nini?

---

Mkorogwe

Nimebadilisha kipingamizi, nimeweka cha asilimia 0.1. Plagi za juu nimezifunga pamoja ndani ya kisanduku cha alumini, nikakifunika kwa taulo ili upepo wa kiyoyozi usizipige. Ile 0.7 imeshuka hadi 0.2, na siku nzima haijasogea zaidi ya 0.05.

Gigahezi 10: +20.9 na −20.5, wastani 20.7. Cha pili +41.6 na −41.2, wastani 41.4. Nimechora na mteremko kama ulivyoniambia, Mama, na nimeona kidato cha sita ambacho sikujua kipo.

Jumatatu nilimwonyesha msimamizi karatasi mbili, ya kwanza yenye kosa na ya pili. Ameniagiza ile yenye kosa isiondolewe kwenye tasnifu. Iwe sura yake yenyewe, na kipingamizi cha omu 96.2 nikibandike kwenye daftari la maabara. Nimekibandika.

---

BiVolti

Andika pembeni yake tarehe na halijoto ya chumba. Na ukimaliza gigahezi 12, nitumie upana wa vidato vyote sita kwa kila nguvu uliyotumia, nataka kuona umbali wake na Bessel.